Sahani Iliyokaliwa

Mkate wa kwanza kutoka kwenye tanuri jipya ulinyooka kama mwanafunzi anayeogopa fimbo. Fundi aliyelifunga tanuri hilo aliuweka mezani, akalaza pimamaji yake juu ya mgongo wa mkate, akainama kutazama kipovu kikitulia katikati, kisha akatabasamu utadhani mkate ameuzaa yeye.

"Umeona, mama? Haujainama hata kidogo."

"Nimeona," akasema Mama Mlalo. "Umenyooka kama maiti."

Fundi akacheka, akidhani amesifiwa.

Jina hilo la Mama Mlalo wazazi wake hawakulijua. Alipewa na wateja, kwa sababu ya mkate wake, ambao kwa miaka kumi na minne ulikuwa ukitoka tanurini umelala upande. Ncha moja ilikuwa nene kama shavu la mtoto mchanga, ncha ya pili nyembamba kama shavu la mtu aliyetoka kuugua. Upande mnene ulikuwa laini, wazee wasio na meno wakaupenda. Upande mwembamba ulikauka vizuri, ukiuvunja unalia, na watoto waliupigania hadi kuchaniana mashati. Kila nyumba ilikuwa na sheria yake ya nani ale wapi. Ndoa mbili tatu za pale mtaani zilijulikana zimeanza kuyumba siku mume alipoonekana anakula upande mnene peke yake, amegeukia ukutani.

Sasa ule uchochoro wenyewe, wenye vyumba sita vilivyopeana migongo na tanuri la matofali kule mwisho, mwenye majengo alikuwa anaubomoa mwisho wa mwezi. Ndiyo maana Mama Mlalo akahamia barabara kubwa. Alikuwa na jengo lenye vigae, wakandaji wanane waliovaa kofia nyeupe, na tanuri la chuma linalosimama juu ya miguu minne yenye skrubu. Siku ya kwanza watu walikuja kumpongeza. Siku ya tatu wakaanza kulalamika.

"Huu mkate ni wako?" akauliza mzee mmoja mshona viatu, akiugeuzageuza kama kiatu kilicholetwa bila mwenziwe.

"Ni wa nani mwingine, babu?"

"Upande mnene uko wapi?"

"Siku hizi kote sawa. Maendeleo."

Mzee akautazama tena, akamtazama na mwenyewe. "Sasa mimi na bibi yako nyumbani tutagombania nini?"

Watu wote dirishani wakacheka, na Mama Mlalo akacheka nao, maana biashara ni biashara. Lakini alipoingia stoo kuchukua hamira alisimama katikati ya magunia, mkono kiunoni, akasahau alichofuata. Duniani walikuwepo watu wawili tu waliojua kwa nini mkate ule ulilala. Mmoja ni yeye. Wa pili ni wifi yake, na wifi yake alikuwa ameondoka mwaka wa tisa huu, hana barua, hana salamu, hana hata tusi la kutuma kwa mtu. Hilo la tusi ndilo lililomuuma zaidi. Hakuna mtu aliyemtukana vizuri kama yule.

*

Tuanze na marehemu, mume wa Mama Mlalo, maana hata mkate ulianza na yeye.

Alikuwa mpaka rangi za nyumba, mtu wa vichekesho, ambaye hata akilala usingizini unamwona anajichekea. Siku moja alirudi kutoka kazini amechoka, mkewe ameshamwandalia chakula, na kwa sababu mezani palijaa nguo za kupigwa pasi, sahani aliiweka juu ya kiti. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye mstari mwekundu kuzunguka ukingo. Marehemu hakutazama. Alivuta kiti, akakaa, na chakula chote akakikalia. Dada yake, ambaye siku hiyo alikuja kutembea, alianguka chini kwa kicheko. Mkewe alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Suruali ikafuliwa mara tatu. Sahani ikapinda, na toka siku ile marehemu hakukubali kulia kwenye nyingine, kwa sababu, alisema, mchuzi sasa unajikusanya upande mmoja wenyewe, hana haja ya kuukimbiza.

Miaka miwili baadaye akaanguka kutoka kwenye jukwaa la kupakia rangi, ghorofa ya tatu. Hakuna aliyecheka.

Matanga yalipokwisha, ndugu wa mume walikuja kama ilivyo ada ya wengi, huyu akichukua redio, yule akichukua koti. Wa mwisho kuja alikuwa wifi. Mfupi, sauti kama kengele ya shule, ameshika kifurushi. Mjane akamwambia, kwa uchungu, "Chagua na wewe, imebaki sahani."

"Sikuja kuchagua," wifi akasema. "Nimekuja kukaa. Sogea hapo, umeziba mlango kama kabati."

Alikaa miaka mitano.

Mwanzo wao wa mikate haukuwa na ubunifu wala nini, njaa tu. Tanuri la kwanza walilijenga kwa udongo, mvua ya kwanza ikalila. La pili lilipasuka siku ya kwanza ya moto, vipande vikaruka, wifi akaunguza nyusi, na kwa mwezi mzima akatembea na uso wa kushangaa. Gunia lao la kwanza la unga lilikuwa na wadudu wengi kuliko unga. Fundi wa kujenga waliyemwita alilitazama gofu lao, akacheka, akaondoka na kicheko chake. Basi wakaamua wajenge wenyewe, kwa matofali waliyookota kwenye ukuta ulioanguka.

Wifi aliwahi kumwona kaka yake akitia maji kwenye chombo kipana ili ajue kama ubao umelala sawa. Wao chombo kipana walikuwa nacho kimoja. Wakaiweka sahani juu ya sakafu ya tanuri, wakajaza maji, wakapiga magoti mmoja huku na mmoja huku.

"Maji yamegusa mstari mwekundu?"

"Yamegusa."

"Pande zote?"

"Pande zote."

"Basi hapo ni sawa kabisa. Funga."

Wakafunga kwa saruji.

Mkate ulipotoka umelala, walilaumu hamira. Kisha wakalaumu unga. Kisha wakalaumiana wao kwa wao, na walipomaliza hilo wakalaumu macho ya majirani. Ilipita wiki mbili nzima kabla wifi, akila mezani, hajauona mchuzi umejikusanya upande mmoja wa sahani. Aliacha kutafuna.

"Wifi."

"Nini?"

"Tanuri tumelipima kwa makalio ya kaka."

Wakacheka. Walicheka wakashikana mabega, wakacheka wakakaa chini, na hakuna kati yao aliyeweza kusema baadaye ni wakati gani kile kicheko kiligeuka kilio. Walipofuta macho, wifi akaosha sahani, akaitundika msumarini.

Watu waliwacheka, sana tu. "Mkate wenu umelewa!" vijana walipiga kelele wakipita. Na ni wifi aliyewajibu, "Haujalewa, umechoka kuwasubiri mtoe mikono mifukoni." Ni wifi aliyeanza kukata mkate nusu kwa nusu, mnene kwa wazee, mwembamba kwa watoto. Ni wifi aliyetoboa ncha nyembamba kwa uma, matundu matatu, ili isivimbe. Mwenzake alikanda, akachochea moto, akaamka alfajiri. Mikono ilikuwa minne, na kwa minne ile ndipo mstari wa wateja ulipokunja kona ya uchochoro.

Halafu akaja msimamizi wa bweni la wanafunzi. Alitaka mikate mingi, kila siku, ila iliyonyooka, iingie kwenye masanduku yake. Mama Mlalo akaona mlango umefunguka. Akamwita fundi aje kuing'oa sakafu ya tanuri aipange upya.

Wifi alisimama mbele ya mdomo wa tanuri, mikono ameitanua. "Hapa hapaguswi."

"Ni matofali tu, wifi."

"Ni kaka yangu."

Siku ile Mama Mlalo alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na ndoto ya yale masanduku imemjaa kichwani. Neno likamtoka kabla hajalitazama sura.

"Kaka yako kafa. Na aliyetufanya ndugu ni yeye. Sasa kama hayupo, mimi na wewe ni nani kwa nani?"

Wifi akashusha mikono. Alifungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya gunia. Akaenda msumarini, akaishusha sahani, akaifunga kwenye kitambaa.

"Ahsante kwa kunikumbusha," akasema, akatoka.

Mama Mlalo alijua atarudi kabla ya jua kuzama. Akamwekea ncha nyembamba, maana wifi hakula nyingine. Ikakaa juu ya bati mpaka ikawa ngumu kama gome. Asubuhi fundi akaja na nyundo yake. "Rudi kesho," akaambiwa. Kesho yake akaambiwa rudi kesho. Siku ya nne alifukuzwa kwa koleo la mkate.

Kwa wakwe aliulizia; waliojua hawakusema, na waliosema hawakujua. Msimamizi wa bweni, baada ya kununa nusu mwaka, alichonga masanduku mapana zaidi. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

*

Wiki ile ya tanuri jipya, chama cha wafanyabiashara wadogo kilimwalika Mama Mlalo aje kuzungumza kwenye semina. Ukumbi ulijaa viti vya plastiki na watu wenye madaftari. Binti aliyeendesha semina alikuwa na viatu virefu na tabasamu lisilopumzika.

"Mama yetu huyu," akawaambia watu, "ametoka chini kabisa! Mama, tuambie. Shida zilikujengaje?"

Mama Mlalo akawasimulia mvua, mpasuko, wadudu, nyusi zilizoungua ingawa hakusema ni za nani. Anajua kusimulia. Watu walishika mbavu. Binti akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: SHIDA NI MWALIMU.

Mama Mlalo alilisoma lile neno kwa kulifuata herufi kwa herufi. Yeye shida alizifahamu vizuri, zilimbomolea matanuri mawili na mume mmoja, na hakukumbuka kama ziliwahi kumfundisha kitu zaidi ya kuokota vipande. Na vipande hakuviokota mtu mmoja. Lakini ubao haukuwa wake.

Ndipo mwanamke mmoja wa mstari wa tatu, anayeuza sabuni za maji, akanyoosha mkono. "Mimi naanza na mdogo wangu, na tunagombana kila siku inayokuja. Wewe mama ulianza na nani?"

Swali jepesi. Mama Mlalo akafungua kinywa, na akajisikia akisema, "Peke yangu. Kwa mikono yangu hii miwili."

Makofi yalipigwa mpaka vipaza sauti vikalia. Yule wa sabuni hakupiga. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake, taratibu, na Mama Mlalo akatamani ainuke amnyang'anye kalamu, maana alijua anachokiandika: kwamba hamhitaji mdogo wake.

Siku mbili hakula mkate. Kila akitia mdomoni, lile "peke yangu" linamkaa kooni.

Siku ya tatu dereva anayemletea unga aliingia akiwa amebeba kitu kwenye gazeti.

"Hongera kwa kufungua tawi," akasema.

"Tawi gani?"

"Usinifiche, mama, mimi nimekula nawe chumvi." Akafungua gazeti.

Ulikuwa mkate. Umelala upande. Ncha nene kama shavu la mtoto, ncha nyembamba imeshavunjwa kidogo na meno ya dereva, na juu ya ile iliyobaki, matundu mawili ya uma, na la tatu limekatwa nusu na jino.

Mama Mlalo alishika ukingo wa meza.

"Umeutoa wapi huu?"

"Mji ule wa pili ukishavuka mto, pale reli inapokatiza barabara. Kuna mama mmoja hapo, mfupi, mdomo wembe. Nilimwambia, mkate wako umepinda. Akaniambia, hata wewe umepinda na mama yako hakukutupa."

Mama Mlalo akakaa juu ya gunia la unga, papohapo, na nguo yake nyeusi. Wakandaji wanane wakageuka kutazama. Bosi wao alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na mkononi ameshika kipande cha mkate wa watu amekikumbatia kama kifaranga.

"Unarudi lini huko?"

"Kesho asubuhi. Kwa nini?"

"Uniachie nafasi mbele."

*

Kabla ya kuondoka alipita uchochoroni. Vyumba vitano vilikuwa vimekwisha hamwa, milango imeng'olewa. Kwenye ukuta wa tanuri mtu ameshapiga alama ya chaki, namba tatu, kama mnyama wa mnadani. Aliingiza mkono mdomoni mwa tanuri. Lilikuwa baridi. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuligusa likiwa baridi hivyo.

Njiani dereva aliongea, yeye akajibu "eeh" na "kweli" mahali palipotakiwa. Mapajani alipakata mkate ulionyooka wa tanuri jipya, amefunga kwenye kitambaa. Alipanga maneno. Alipanga ya heshima, akayaona yanafaa msibani. Alipanga ya mzaha, akayaona hayana haki. Mto ukavukwa, mji wa kwanza ukapita, na maneno yote aliyoyapanga yakabaki huko nyuma barabarani.

Duka lilikuwa dirisha moja la mbao, na watu kama kumi wamesimama. Harufu aliijua kabla gari halijazima. Akajipanga mstarini kama wengine, amejitanda kitambaa usoni, moyo unampiga kama mtu aliyeiba. Kutoka pale aliiona mikono tu. Midogo, myepesi, inakata, inafunga, inasukuma. Ilikuwa imezeeka. Hakuwahi kufikiria kwamba ingezeeka. Miaka yote kichwani mwake ilibaki vilevile, imetanuliwa mbele ya tanuri.

"Ngapi?" sauti ikauliza, kichwa hakikuinuliwa.

"Nipe upande mwembamba tu."

Kisu kikasimama.

Nyuma ya mikono ile, ukutani, palikuwa na msumari, na kwenye msumari sahani ya bati yenye mstari mwekundu.

"Nusu siwauzii wageni," akasema wifi, bado hajainua macho.

"Mimi si mgeni."

"Aha." Kisu kikarudi kukata, polepole. "Basi mimi na wewe ni nani kwa nani?"

Miaka tisa neno lile lilikuwa limehifadhiwa, na lilirudishwa zima, halina hata ukungu. Mama Mlalo akafungua mdomo. Nyuma yake baba mmoja akakohoa.

"Mama, nunua au tupishe. Watu tunakwenda kazini."

"Mstari una haki zake," akasema wifi. "Kaa pembeni hapo kwenye gunia. Nikimaliza wenye haraka nitakuja kwa wasio na haraka. Miaka tisa huna haraka, hutashindwa nusu saa."

Akakaa kwenye gunia. Tajiri wa barabara kubwa, mwenye vigae na wakandaji wanane, alikaa kwenye gunia akitazama mkate ukiuzwa, akisikiliza wateja wakitukanwa mmoja mmoja kwa zamu, kila mmoja tusi lake lililomkaa sawasawa kama nguo ya kupimwa. Aliwaonea wivu wote.

Mkate ulipokwisha, wifi alifunga dirisha. Akageuka, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Umenenepa."

"Wewe umepungua."

"Mimi nafanya kazi." Akaonyesha kitambaa kwa kidevu. "Umeniletea nini?"

Mama Mlalo akaufungua mkate. Wifi aliuinua, akautazama ubavuni, akautazama mgongoni, akauweka chini taratibu.

"Nani kafa?"

"Wifi, usinichekeshe, nimekuja na maneno."

"Yaseme basi, nani kakushika?"

"Kuna semina moja. Waliniuliza nilianza na nani. Nikasema peke yangu."

"Walipiga makofi?"

"Walipiga."

"Basi wajinga mlikuwa wengi."

"Na lile la tanuri, la siku ile..." Akavuta ncha ya kitambaa. "Nililisema kwa sababu ya masanduku. Nikataka kuyajaza masanduku ya mtu, nikakufukuza wewe. Sakafu sikuing'oa. Fundi nilimfukuza. Na yule bwana, wifi, baadaye masanduku aliyapanua mwenyewe."

"Aliyapanua?"

"Kwa mbao mbili."

Wifi akaweka kiganja mdomoni kama alivyozoea kuficha pengo lake, mabega yakatikisika, kisha yakatulia. Alipokitoa kiganja, uso haukuwa na kicheko tena.

"Mimi nilivyofika hapa nilijenga tanuri lililonyooka," akasema. "Na fundi, na pimamaji yake. Nilisema sitaki kuwaona tena, wewe na hilo tanuri lako. Mkate ukatoka mzuri, watu wakausifu. Mimi nikautia mdomoni haukupita. Siku tatu haupiti. Ya nne nikaibomoa sakafu, nikaishusha sahani, nikapiga magoti. Huku nipo mimi, na huko ng'ambo hakuna mtu. Nikawa najiuliza mwenyewe, maji yamegusa? Anijibu nani?"

Walikaa, mmoja kwenye gunia na mmoja kwenye kigoda, wakiutazama mkate ulionyooka kama watu waliokaa na mgonjwa.

"Lile la uchochoroni wanalibomoa keshokutwa," akasema Mama Mlalo mwishowe. "Wameshaliandika chaki. Nimenunua jipya, la chuma."

Wifi akatikisa kichwa taratibu. Nje, dereva akapiga honi.

"Na hili jipya lina miguu?"

"Minne. Ya skrubu."

"Sasa tatizo liko wapi? Nyanyua ya nyuma miwili."

"Kiasi gani?"

"Kiasi chake."

"Nitakijuaje kiasi chake, wifi? Sahani si unayo wewe?"

Wifi akageuka kuutazama ukuta. Sahani ilikuwa imetulia msumarini, imeinama kidogo, kama inayosikiliza.

"Sahani haiazimwi," akasema.

"Najua."

"Haitoki hapa bila mimi."

"Hilo pia nalijua."

Honi ikapigwa tena. Wifi akasimama. Akafungua aproni, akaikunja mara nne, na Mama Mlalo alipoiona ile mikono ikikunja moyo ulimruka, maana mara ya mwisho kuiona ikifanya hivyo ilikuwa inaondoka. Wifi akaishusha sahani, akaifuta vumbi kwa kiwiko.

"Nakwenda kupima tu," akasema. "Kupima, basi, usije ukaanza kuninunulia kofia nyeupe. Keshokutwa nitalitazama lile likianguka, na mtondo narudi kwa wateja wangu, wamezoea kutukanwa mapema. Haya, sogea, wifi, umeziba mlango kama kabati."

Mama Mlalo akasogea. Alitoka nje haraka, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, muda mrefu.

Ndani ya gari kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu. Mama Mlalo alipanda akajibana karibu na dereva, wifi akapanda akajibana mlangoni, na sahani wakailaza katikati yao.

"Iangalie," akasema wifi, "asije mtu akaikalia."

Walicheka wote wawili, kidogo, kisha kila mmoja akatazama mbele. Gari likaondoka, reli ikapita chini ya magurudumu, sahani ikalia kidogo ikanyamaza. Dereva, ambaye Mama Mlalo alikuwa anamgusa kiwiko kila akibadili gia, akatupa jicho pembeni.

"Mama, sogeeni huko basi. Hapo katikati si pana nafasi ya mtu mzima?"

"Hapana nafasi," wakajibu kwa pamoja.

Na hakuna aliyesogea mpaka mto ukavukwa.